Kaye ya pale bombani

Hata sasa ninapoandika, uso unaniwaka. Siku tatu mwanafunzi mmoja wa jiografia alikaa karibu na bomba la mtaa wetu. Kila yaya Ngoie, dada yangu mkubwa, alipofika na bidoni ya kuchotea maji, kijana huyo alitazama saa, akaandika katika kaye yake, daftari dogo. Mtu mwema anaandika saa za binti wa wenyewe kwa nini? Nikawa napita pale, najifanya natafuta kuku, kumbe namchunguza.

Mwisho nilimwambia baba, mlinzi wa idara yao pale chuoni. Baba alimkataza yaya kutoka nyumbani, akanivuta mpaka kwa asistani, mwalimu msaidizi wa wanafunzi hao.

“Kijana wenu anawinda binti yangu!”

“Hapana, papa. Tunahesabu safari za maji. Hiyo njo kazi nilimupa.”

Akafungua kaye ya yule kijana. Kweli, yaya alikuwa humo pamoja na mama wote wa mtaa, kila mmoja na bidoni zake. Asistani akacheka.

“Lakini huyu iko nani? ‘Mutoto mwanamuke, gauni nyekundu. Amepita mara kumi na moja, hana bidoni. Labda mwizi wa bidoni.’”

Baba akageuka polepole, akalitazama gauni langu.