Dalali wa Nyumba Yangu ya Katubuka

Zamani upepo uliezua nyumba ya baba kule Kidahwe, nikaapa kujenga ya bati mjini Kigoma. Nikajenga, mtaa wa Katubuka. Sasa mke wangu mgonjwa anataka arudi kijijini kwa ndugu zake, basi naiuza, na kutulia siwezi, nakaa nasimama.

Juzi dalali akaleta mteja, mama mmoja Muha, wa kabila langu. Dalali mwenyewe miwani myeusi, Kiswahili cha Dar, nikamwona mgeni kwetu. Roho ikaniwasha: nimlipe kwa kunifungulia mlango wangu mwenyewe? Nikamnong'oneza mama kwa Kiha, "Huyu mnyonyaji tumruke. Rudi kesho peke yako, nikupunguzie."

Mama akatazama chini. Dalali akavua miwani, akanijibu kwa Kiha safi kuliko changu: "Mzee, huyu ni shangazi yangu."

Akamshika mkono, wakaondoka. Hawajarudi.