Akala za Kushukia Mteremko

Mama yangu alikuwa na mfereji kwenye paji la uso. Ulichimbwa na ukanda wa ngozi alioutumia tangu usichana kubebea kuni, maji, viazi, na hatimaye mtungi wa maziwa, mzigo ukiwa mgongoni na ukanda ukipita kichwani. Mwaka niliohitimu chuo cha ualimu na kupangiwa shule ya kwetu, kwenye miinuko ya Mweiga, shingo yake ilikataa. Daktari wa Nyeri alimkataza kubeba chochote. Aliporudi aliutundika ukanda nyuma ya mlango, akaketi kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na wadogo zangu walikuwa shule za bweni. Lori la maziwa lilisimama kwenye njia panda, chini kabisa bondeni, saa moja asubuhi, wala halikumngoja mtu. Kwa miguu, nikiwa na mtungi ule, ningeweza kufika. Lakini nisingeweza kurudi na kupanda hadi shuleni kabla ya kengele. Mama alilijua hilo kabla yangu. Baba mdogo, ndugu wa baba, alilijua pia, na Jumapili baada ya kanisa alikuja kulisema.

Kwa kuwa nilibeba jina la mama yake, aliniita Mama, hata alipokuwa akinikaripia.

"Mama, ng'ombe si paka ati anywe maziwa yake mwenyewe. Niko na mtu wa Nanyuki, mfanyabiashara wa mifugo. Atakuja Jumamosi amchukue."

Mama alitoka nje, na dirishani nilimwona amesimama karibu na ng'ombe, mkono juu ya mgongo wake.

"Nitayapeleka kwa baiskeli ya baba," nilisema.

Baba mdogo alicheka hadi akashika ukuta. "Baiskeli? Na hiyo sketi?"

Hata hivyo ni yeye aliyeishusha kutoka darini: nyeusi, nzito, yenye chuma kirefu katikati na breki za vyuma. Akaufuta mnyororo, akaupaka mafuta. Mama aliingia chumbani akarudi na suruali ya marehemu, ameikunja vizuri, akaniwekea magotini bila maelezo. Niliivaa ndani ya sketi.

Kwa jioni tatu nilianguka katika malisho ya jirani. Baba mdogo alikimbia kando yangu ameshika kiti, akihema. "Usipigane na yeye! Ni kama ndama. Ukimvuta, anakuvuta." Wanawake waliotoka shambani walisimama na majembe yao kutazama. "Mwalimu, unatafuta nini huko chini?" mmoja aliuliza, nikiwa nimelala ubavu kwenye nyasi. Jumatano niliweza kuzunguka malisho yote bila kushikwa.

Usiku huo huo, kabla ya kuondoka, Baba mdogo alivua akala zake, zile kandambili nzito zinazokatwa kutoka tairi kuukuu la gari, akaziweka mlangoni. "Kesho vaa hizi."

Nilimshukuru, nikakataa. Nilikuwa nimekua nikizitazama akala kama viatu vya mtu asiye na viatu, na kwa kiasi fulani nilisoma ili nizivue. Nilikuwa na viatu vya ngozi, vyeusi, vya kwanza kununua mwenyewe. "Mwalimu hawezi kuonekana na akala, Baba mdogo."

Alizitazama, akanitazama, akazivaa tena akaenda zake.

Alhamisi alfajiri ukungu ulishuka kutoka milima ya Nyandarua pamoja na manyunyu. Nilifunga mtungi kwenye keria kwa vipande vya mpira wa tairi, nikaanza kuteremka. Mahali njia inapoinama ghafla nilikaza breki, na breki, zikiwa zimelowa, hazikushika kitu. Nilikumbuka jinsi wanaume wanavyokanyaga gurudumu la mbele kwa mguu. Nilifanya hivyo. Soli ya ngozi iliteleza juu ya tairi kama sabuni, nami nikaishia katika shamba la viazi, nimekumbatia mtungi uliobaki nusu. Nikiwa bado nimeketi matopeni nililisikia lori likipiga honi mara moja na kuondoka.

Jioni Baba mdogo alikiokota kiatu changu, akapitisha kidole kwenye soli iliyochanika. Safari hii hakucheka.

"Mvua ikinyesha, hizo chuma ni bure. Ni mguu inashika. Na mguu inataka mpira."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia uvae. Wewe ukanijibu mambo ya ualimu."

Ilibaki Ijumaa pekee kabla mtu wa Nanyuki hajaja. Nilivaa akala zake, alizoniachia tena mlangoni, kubwa kuliko miguu yangu, nikazikaza kwa kamba, na viatu vyangu nikavitia katika mfuko kwenye usukani. Ukungu ulikuwa uleule. Njia ilipoinama nilikanyaga tairi, na mpira ukaushika mpira. Nilihisi mtetemo hadi gotini, nikanusa harufu ya kuungua. Nilishuka polepole kama bibi harusi.

Lori lilikuwapo. "Mwalimu, umeleta maziwa ama umekuja kutuchapa?" mpakiaji mmoja alinitania. Mwenzake alionyesha miguu yangu kwa kidevu: "Ona, hata amevaa breki!" Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kila mtu bondeni alijua, isipokuwa msomi.

Niliendesha baiskeli hadi shuleni, nikiisukuma penye mwinuko mkali tu, nikafika kabla ya kengele, nikabadili viatu nyuma ya ua. Watoto waliniona. Sikujificha sana.

Jumamosi mtu wa Nanyuki alikuja, mtaratibu, mwenye kofia nyeupe. Mama alimpa chai na viazi, akamwambia safari yake ilikuwa ya kusalimiana tu. Alipoondoka, Mama aliushusha ukanda wake nyuma ya mlango, akaenda mahali baiskeli ilipoegemea. Vile vipande vya mpira vilikuwa vimelegea tangu nilipoanguka. Alivifungua, akauzungusha ukanda kwenye mtungi na keria mara mbili, akauvuta huku mguu mmoja ukikanyaga ukuta.

"Huu," alisema, akijifuta paji la uso mahali ulipokuwa ukikaa, "haujawahi kuangusha kitu."