Vipembe vya Shamba la Mama

Siku ile shambani tulikuwa wanne. Mimi, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyerudi kutoka Puge baada ya kufiwa na mumewe, mjukuu wangu, binti wa binti yangu wa kwanza, aliyekuwa likizo ya kidato cha sita, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ni balozi wetu wa nyumba kumi na alikuja kuwa shahidi. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na ya wote tuliopakana nao. Sitayaandika, maana wako hai na watayasoma haya.

Shamba lilikuwa la mama, huku Urambo. Upande wa juu umenyooka, kwa sababu unafuata njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Upande wa chini unafuata ukingo wa mbuga, lile bonde la majani linalotuama maji ya mvua, na mbuga haina habari ya kunyooka: magharibi iko mbali na njia, mashariki inapanda mpaka inakaribia kuigusa. Mama alipofariki nililima peke yangu miaka mingi. Mdogo wangu aliporudi akataka nusu yake. Haki alikuwa nayo, sikubisha.

Niligawa kama tulivyozoea. Kwetu kazi inahesabiwa kwa matuta: kwenye tumbaku ukiita watu wakulimie, kila mmoja unampa matuta yake, basi. Yale ya mama yalikuwa arobaini, yote yakianzia njiani kushuka mbugani. Nikampa ishirini ya mashariki, nikabaki na ishirini ya magharibi. Nilihesabu kwa sauti na sikuona kosa lolote.

Mdogo wangu aliyatembelea yake, akarudi akasema tuta lake la mwisho lina hatua ishirini na langu la kwanza lina mia. Nikamjibu tuta ni tuta. Nikaongeza kwamba ana tamaa, na hilo nilisema mbele ya watu. Shemeji akacheka, akaniambia, "Wewe shemeji, hata kaburi lako utataka lipimwe kwa matuta."

Ikabidi tupime urefu. Mjukuu akapiga hatua tuta kwa tuta, akiandika. Lakini tuta huishia butu, na ukingo wa mbuga unapita mshazari, kwa hiyo mwishoni mwa kila tuta kunabaki kipembe ambacho hakimo kwenye hesabu. Mdogo wangu akavitaka navyo, maana pale pana unyevu, mboga hustawi. Nikasema vipembe vile si kitu.

"Kama si kitu, dada, nipe."

Safari hii aliyecheka ni mjukuu. Alitueleza kwamba ugomvi wetu ndio ugomvi wa hesabu anayosoma, wanayoiita kalkulasi. Nayo hupima vitu vyenye ukingo uliopinda, na hupima kama sisi, kwa kukata matuta, ila matuta yake huyafanya membamba, kisha membamba zaidi. Alisema walioiweka sawa ni watu wawili wa Ulaya, kila mmoja kivyake, wakaja kugombana nani alitangulia. Baadaye mtu mmoja wa kanisa akawabana: hilo tuta lenu jembamba kabisa, lina upana au halina? Kama linao, vipembe bado vipo. Kama halina, matuta yasiyo na upana, hata uyapange mangapi, yatafanyaje shamba?

Nikasema hata mimi ningewauliza hivyo hivyo. Tuta lisilo na upana, mhogo utauchomeka wapi? Akasema kumjibu vizuri kulichukua zaidi ya miaka mia moja.

"Wakamjibuje?"

"Waliacha kusema vipembe vimekwisha, bibi. Haviishi. Wewe taja kiasi unachoona ni kidogo mno kugombania, nami nitavipunguza vyote kwa pamoja mpaka viwe chini ya hapo."

Nikamwangalia mdogo wangu. Alifikiri, kisha akanyoosha kidole kwenye turubai la kuanikia mahindi. Vyote vikienea pale, akasema, hagombani.

Kazi ilichukua siku mbili. Kila tuta mjukuu aliligawa kwa kamba vipande vinne vyembamba. Akaandika jumla mbili: moja ya vipande vikiishia ndani ya ukingo, nyingine ya vipande hivyo vikiuvuka kidogo. Shamba lenyewe, alisema, liko katikati ya hizo mbili. Tofauti yake ilienea kwenye turubai, ikabaki nafasi ya kuweka ungo. Na nusu ya shamba ikaangukia matuta manne ndani ya upande wangu; manne niliyojihesabia yalikuwa yake.

Kisha nikaung'oa mti wa mpaka niliouchomeka siku ya kugawa, kwa mkono wangu mwenyewe, nikauchomeka palipostahili, na mbele ya shemeji nikalifuta lile neno la tamaa. Mdogo wangu akasema alikwisha kulisahau. Najua hakulisahau. Sasa pale mpakani pameota ua wa minyaa.

Yeye anashikilia kwamba lilikuwa jamvi, si turubai. Inawezekana. Mliokuwepo, kama nimekosea, nirekebisheni. Na ninyi mliosoma kalkulasi, kama nimeieleza vibaya, niambieni nami niandike upya. Matuta tu ndiyo msihangaike nayo. Yale manne yako kwake, nayaona nikisimama mlangoni.