Mwalimu Asiyejua Kigiriama

Mbodze alikuwa mkalimani mahakamani kwa miaka kumi na mmoja, na miguu ilimuuma karibu miaka hiyo yote. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya kizimba na kugeuza Kigiriama kuwa Kiswahili, na Kiswahili kuwa Kigiriama, ili hakimu na mashahidi waelewane. Mtu akisema "nilimpiga," Mbodze naye husema "nilimpiga," kana kwamba mkono ulikuwa wake. Jioni hurudi mtaani Tudor, kwenye vyumba viwili alivyoishi na mamake, sauti imemkauka na hana hamu ya kusema na mtu.

Aliyemfunza kazi, kama mwalimu huyo mwenyewe alivyopenda kusema, alikuwa Bwana Nicanor, mkalimani mkuu, Mtaita mwenye lugha tano na kicheko kilichosikika hadi kwenye ngazi. Kila mgeni wa kazi alitaka kuwa karibu naye. Saa nne asubuhi Nicanor huketi mkahawani nyuma ya mahakama, akaagiza mahamri na mbaazi kwa meza nzima, akawapa wenzake mawaidha: jiamini, juana na watu, usimwonyeshe wakili kwamba unatetemeka. Yalikuwa maneno mazuri, na Mbodze aliyashika. Ila katika miaka yote hiyo Nicanor hakuwahi kuketi hata siku moja akamsikiliza akifanya kazi. Mbodze hakulitambua hilo mpaka ilipokuja kesi ya Maxwell.

Maxwell alikuwa msukuma mkokoteni kutoka bara. Alishtakiwa kwamba alimkata mwenzake panga la bega sokoni Marikiti. Shahidi wa kwanza alikuwa mzee Kiti, muuza nazi. Ilikuwa saa tisa alasiri, feni imekufa, na Mbodze alikuwa ameshasimama katika kesi sita tangu asubuhi.

"Ulimwona mshtakiwa akimkata?" mwendesha mashtaka akauliza.

Mzee Kiti akajibu kwa Kigiriama, akajibu tena, akaongeza. Mbodze akangoja amalize.

"Ndiyo, nilimwona," akasema.

Hakimu akaandika.

Kwenye benchi la nyuma alikuwa ameketi Awiti, mkalimani wa Kijaluo, akisubiri kesi yake. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na wenzake walimwona mkavu. Mahakama ilipoahirishwa akamfuata Mbodze ukumbini.

"Dada Mbodze, samahani. Yule mzee alisema nini?"

"Alisema alimwona."

"Alisema kwa muda mrefu. Wewe umesema maneno mawili."

"Kwani wewe wajua Kigiriama?"

"Hata salamu sijui. Lakini nilimwona akijikinga macho kwa mkono, halafu akashika shati lake. Hayo uliyatia wapi?"

Mbodze alijua vizuri mzee alivyosema. Alisema aliona shati la kijani kama la Maxwell, kwamba uso hakuuona sawasawa kwa kuwa jua lilimpiga machoni, na kwamba alidhani ni yeye. Mbodze aliyasikia yote. Alichoka tu, akachukua lililokuwa karibu.

Akaenda kwa Nicanor, akamweleza. Nicanor akacheka kwa upole, akamvutia kiti.

"Mama, sote twafupisha. Hakimu naye ana kwake anakotaka kurudi. Usijitese."

"Wewe ungefanya nini?"

"Ningenyamaza. Na wewe nyamaza."

Mbodze alitamani sana kumsikiliza. Lakini asubuhi, kabla mahakama haijaanza, alikwenda akamweleza hakimu. Hakimu akavua miwani.

"Mama, unalielewa unaloniambia?"

"Nalielewa, mheshimiwa."

Ikabidi alirudie mbele ya watu wote. Kesi ikaahirishwa wiki mbili ili mzee aitwe tena, na Maxwell akarudishwa rumande kungoja wiki hizo mbili. Alipopitishwa na askari alimtazama Mbodze, na Mbodze hakujua kama anashukuriwa au analaumiwa. Mzee Kiti alirudi, akasema habari ya shati na jua. Kisha wakaja mashahidi wengine wawili waliouona uso waziwazi, na Maxwell akafungwa.

"Haikubadilisha kitu," Mbodze akamwambia Awiti. "Nimejiaibisha bure."

"Huenda," Awiti akasema. "Lakini sasa maneno ya mzee yameandikwa kama alivyoyasema."

Hapo ndipo Mbodze alipomwomba. Alikuwa amelifikiria siku nyingi na bado lilimwia zito kulitamka, yeye mtu mzima, kwa binti aliyekuwa mdogo wake kwa miaka kumi na mitano.

"Nataka uwe ukinisikiliza. Unisahihishe."

"Mimi? Na Bwana Nicanor?"

"Bwana Nicanor ananipenda. Haniambii kitu."

Awiti alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali, akasema hatambembeleza. Hakumbembeleza. Kila Alhamisi aliketi benchi la nyuma, na baadaye walikaa kwenye ngazi akamsomea alichoandika: hapa shahidi alisita, wewe hukusita, hapa alilia, ukaruka neno, hapa hakimu alikasirika, ukaharakisha. Siku nyingine Mbodze alirudi nyumbani amenuna, mamake akamuuliza nani kamtukana.

Alijifunza kuinua mkono na kumsimamisha shahidi. Alijifunza kusema, "Mheshimiwa, sikulipata vizuri, naomba arudie." Mahakimu hawakulipenda. Kesi zake zilikawia, na mawakili walianza kuvuta pumzi wakimwona akiingia. Mezani kwa Nicanor walimtania kwamba ameacha jogoo akafuata kifaranga. Hakuna aliyemfukuza, ila kidogokidogo aliacha kwenda, na mahamri yale aliyatamani kuliko alivyotarajia. Ilipotoka nafasi ya mkalimani mwandamizi, aliipata mwingine wa meza ile.

Mwaka jana Awiti alihamishiwa Kisumu. Waliagana mlangoni mwa mahakama, Awiti akiwa amebeba faili zake, kwa haraka, kama watu watakaoonana kesho.

Sasa hupigiana simu Ijumaa jioni. Mbodze huketi ukingoni mwa kitanda, miguu imevimba, mamake akisikiliza redio chumba cha pili. Awiti humuuliza jambo moja tu: wiki hii uliacha nini? Mbodze humtajia. Ijumaa iliyopita alisema hakuacha kitu.

"Fikiri tena," Awiti akasema.

Mbodze alitaka kulala. Akarudi kwa mawazo hadi Jumanne, kwa mama mmoja wa Ganze aliyekuwa akimtaja mwanawe kizimbani, akamsikia tena neno kwa neno.

"Ngoja," akasema. "Lipo moja."