Chombo Kidogo Kilichoachwa Mwezini

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu habari ya setilaiti ndogo iliyorushwa kwenda kujaribu njia mpya ya kuuzunguka Mwezi. Nikakumbuka alasiri moja ya mvua Winson Green, mtaa wa ughaibuni tulikohamia, chumba chetu kikinuka mafuta ya taa, Mama akipiga pasi sare yake ya uuguzi huku redio ikinguruma.

Mtangazaji alisema wanaanga walikuwa wameachia setilaiti ndogo kutoka kwenye chombo chao, ibaki ikiuzunguka Mwezi. Wao wenyewe walikuwa njiani kurudi nyumbani.

"Watarudi lini kuichukua?" nikamuuliza Mama.

"Hawarudi, mwanangu. Imeachwa ipime mambo huko."

Leo najua kilikuwa kijisanduku cha chuma chenye vipimo. Siku ile nilidhani ni kitoto cha kile chombo kikubwa.

"Peke yake? Kama Saidi?"

Saidi alikuwa mdogo wangu. Tulimwacha Unguja kwa Bibi, tukiambiwa atatufuata ruhusa yake ya kusafiri ikitoka.

Mama alisimama akiutazama ukuta, mkono juu ya pasi, mpaka harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa chumba. Alipoona sare imetoboka, akalia.

"Usilie, Mama," nikamwambia. "Hospitali watakupa nyingine."

Niliamini kweli kwamba analilia sare.

Saidi alikuja, baada ya miaka mingi. Pale uwanja wa ndege Mama alimpita mwanamume mwenye ndevu, akaendelea mbele, macho yake yakimtafuta mtoto.