Mti wa Champa Niliouacha Nusu

Nyanya yangu mzaa baba alipokufa, kule kwetu magharibi, ilifika siku ya kunyolewa. Desturi yetu ni hiyo: maiti akishazikwa, siku chache baadaye ukoo wote unaketi chini uani, wakubwa kwa wadogo, na mnyoaji anapita na wembe ili kifo kitoke kichwani. Mnyoaji si mtu yeyote tu. Huitwa, hukaribishwa, na huahidiwa kuku. Huyo wetu alikuwa mzee mwenye macho mekundu na mkono mwepesi sana. Kabla hajakushika alikuzunguka kwanza, akakitazama kichwa chako kama mtu anayenunua mbuzi.

"Tulia wewe," aliniambia. "Wembe hauna haraka. Haraka ni ya shingo."

Akaninyoa upande wa kushoto wote, baridi ikaingia. Halafu mkono ukasimama. Nikainua jicho, nikaona anatazama mlango wa jikoni, ambapo shangazi yangu alikuwa akimnyonyoa kuku. Kuku yule yule mwekundu mwenye kishungi, ambaye mzee alikuwa ameonyeshwa asubuhi kwamba ni wake. Wageni walikuwa wengi, mboga imepungua, basi shangazi akaona, ah, mnyoaji atatafutiwa mwingine. Mzee aliufuta wembe kwenye paja, akaufunga kwa kitambaa, akaenda zake. Mimi nikabaki na nusu kichwa mpaka kesho yake, watoto wenzangu wananiita shamba la mvivu.

Sasa sijui kwa nini nimeanzia mbali hivyo. Nilitaka kueleza habari ya kupogoa mti. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikiandika naenda kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba, naonja huku, naonja kule. Lakini yule mzee nilimkumbuka sana nilipofika Nairobi, kwa sababu Mama wa Westlands naye alikuwa na tabia hiyo ya kuzunguka kwanza.

Westlands ya siku hizo, uhuru ukiwa bado mbichi, haikuwa hii ya maghorofa. Ilikuwa nyumba za mawe zenye vigae, ua wa miti ya kayaba yenye miiba, na mbwa. Mama alikuwa Mhindi, mumewe ana duka la vitambaa mjini, na mimi nilikuwa mtu wao wa shamba. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, changu cha barabarani, tukaelewana. Mbele ya baraza palikuwa na mti wa champa, ule wa maua meupe yenye moyo wa manjano. Kila asubuhi alichuma machache, akayapanga kwenye sinia na kuyapeleka ndani kwa miungu yake. Siku ambayo mti hauna ua, aliamka na uso wa mgonjwa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuupogoa. Mimi nilikuja na panga, nikijua kukata kuni. Akaninyang'anya panga, akanituma River Road kununua msumeno mdogo. Aliniambia tungoje baridi, ile miezi Nairobi haioni jua, champa ikishapukutisha majani yote na kubaki mifupa. Tukangoja. Ikaja asubuhi kavu, akatoka na shali yake, tukauzunguka mti sisi wawili kama watu wanaotafuta pete iliyoanguka.

Kwanza unatoa tawi lililokufa. Halafu mawili yanayosuguana, moja linakwenda. Halafu linalorudi ndani badala ya kutoka nje. Unakata juu kidogo ya panda, kwa mshazari, ili maji yasituame. Maziwa yatatoka, usijifute jicho kwa mkono ule, utalia siku nzima. Basi, unauacha. Palipokatwa patachipua matawi mawili, pengine matatu, na maua hukaa kwenye ncha. Na hapo ndipo alipokuwa mkali kama jeshi.

"Wewe naona hii?" aliuliza, akishika ncha. "Jua narudi, hii nafura. Ikifura, hapana gusa. Iko maua ndani."

Mpishi wa nyumba ile alikuwa ameoa dada yangu wa ukoo, na kwetu shemeji ana ruhusa ya kukutukana. Alipita na ndoo akasema, "Nyoa, shemeji, nyoa! Lakini maiti ni nani?" Hata Mama alicheka.

Nilimpenda yule mama, sifichi. Chai yangu ilikuja kwenye kikombe cha bati kilichowekwa peke yake dirishani, hilo nililiona, sikuwa kipofu. Lakini aliniambia, wewe ni mtu ya hii nyumba, nami nikaamini.

Nilichokosa ni nafasi. Chumba changu cha nyuma kilikuwa kimoja, ukinyoosha miguu mlango unafunguka. Mke wangu na watoto walikuwa magharibi, nawaona Krismasi kwa Krismasi, mdogo ananikimbia akilia kwamba kuna mgeni. Ndipo baridi moja, nikiwa juu ya ngazi napogoa, bwana mmoja wa mtaa wa Woodley akasimamisha baiskeli nje ya ua. Akautazama mti, akanitazama mimi. Akasema kwake kuna vyumba viwili nyuma, anataka mtu wa shamba, na mtu huyo alete mama watoto.

Nilimwomba angoje. Nilikwenda kwanza kwa Mama, kwa heshima. Nilimwuliza wazi kama nao wataondoka, maana Wahindi wengi wakati ule walikuwa wanauza nyumba na kuondoka.

"Sisi nakwenda wapi?" akasema. "Mimi nazaa watoto hapa. Wewe kaa. Mvua ya mwisho wa mwaka ikiisha, mimi najenga chumba ya pili. Wewe naleta bibi."

Nikamwambia bwana wa Woodley hapana, ahsante. Nikamtumia mke wangu salamu na mtu wa basi: ngoja kidogo, nyumba inakuja.

Jua likarudi. Ncha za champa zikafura, zikang'aa kama chunusi za kijana. Nikahesabu moyoni kwamba mwaka huo mti ungefunika baraza zima. Asubuhi moja Mama akatoka, na hakuuzunguka mti. Alisimama mlangoni tu.

"Kata champa. Upande ya geti, yote."

"Mama, iko maua ndani."

"Kata tu."

Alisema akitazama kayaba. Nikaleta ngazi. Nilikata, na matawi yakaanguka na vitumba vyake, maziwa yananitiririkia kwenye kiwiko. Nusu ya mti ilikuwa chini mpishi alipotoka na beseni.

"Shemeji, leo amekufa nani tena?"

"Muulize Mama wako. Ameingiwa na nini, mti umeshika mimba anasema kata?"

"Si gari la bwana mpya? Ni refu, mti unaligusa likikunja getini."

"Bwana mpya gani?"

Akaweka beseni chini polepole. "Wewe! Kwani hujaambiwa? Masanduku yamejaa chumba cha kulia tangu kabla ya baridi. Wanakwenda Uingereza wote."

Mimi chumba cha kulia sijawahi kukiona. Mtu wa shamba anaishia mlango wa jikoni.

"Tangu kabla ya baridi," nikasema. "Na wewe ulijua."

"Nilikatazwa kusema, shemeji. Nina watoto."

"Na mimi nina nini, vifaranga?"

Akatazama chini. Akaniambia yeye bwana mpya amembakisha, mpishi mzuri ni shida kupata. Kazi ya shamba itachukuliwa na ndugu ya mke wa bwana. Na kule Woodley nilikuwa nimepita Jumapili moja, nikaona mtu mwingine anafagia uani, watoto wake wanacheza mlangoni.

Mama akatoka. "Bado kumaliza?"

Nilikuwa juu ya ngazi, naona utosi wake, nywele zimeingia mvi. Nilitaka kumpa nafasi ya kusema kweli.

"Mama," nikasema, "chumba cha pili tunajenga lini?"

Akajivuta shali. "Mvua ikiisha," akasema.

Msumeno ulikuwa katikati ya tawi. Niliuacha hapo hapo umeuma. Nikashuka, nikanawa maziwa bombani, nikachukua blanketi na koti chumbani. Mpishi alisema, shemeji, ngoja nikufungie chapati. Sikungoja.

"Shamba!" Mama aliita. "Wewe nakwenda wapi? Mti iko nusu!"

Nikafungua geti, nikalirudisha vizuri, mbwa asitoke, nikashika barabara ya kuteremka mjini.