Karani Aliyeajiriwa Kucheza Kikapu

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha kubangua korosho pale Masasi, afisa utumishi hakuniuliza cheti. Alinitoa nje hadi ghalani, akanionyesha boriti ya mlangoni.

"Ruka uiguse."

Niliruka nikaishika kwa mikono miwili. Akacheka. "Mwandikeni karani wa ghala. Saa tisa aje uwanjani."

Ninyi vijana mnaolipwa kwa kucheza, jueni kwamba nasi tulilipwa, ila kwa jina la ukarani. Karibu kila shirika la umma lilikuwa na timu yake. Magunia waliyahesabu wengine. Mimi nilidunda mpira.

Baadaye nilihamishiwa kiwanda cha Newala. Mwalimu wetu alikuwa fundi mkuu wa mitambo, mtu mkali asiyejua kusifia. Alitufundisha kutumia ubao, ule ulio nyuma ya kikapu: mpira ugonge pale kwanza, kisha uingie. Timu za Mtwara zilipokuja, zilinipangia wachezaji wawili wa kunizuia, na hapo nilijiona mtu kweli.

Kisha uchumi ukafunguliwa, viwanda vikaanza kuuzwa. Meneja akatukusanya.

"Mnunuzi anataka mashine. Timu haitaki."

"Na sisi, mzee?"

"Wewe ni karani, Baba Bakari. Makarani wamepunguzwa."

"Mimi ni mchezaji!"

Akanionyesha jalada langu. "Nitafutie humu neno hilo."

Sikulipata. Nikarudi kijijini kwetu Makote kulima mikorosho na muhogo. Mshahara nilizoea kuukosa, jamani, lakini kuukosa uwanja sikuzoea. Nilitamani kuogopwa tena. Saa tisa ikifika miguu ilikuwa ikiniwasha, nami niko shambani na jembe.

Nyuma ya nyumba nilisimika nguzo, nikafunga pete ya pipa. Mbao za kutengenezea ubao sikuwa nazo, kwa hiyo wanangu, Bakari na mdogo wake Issa, walijifunza kutumbukiza mpira moja kwa moja. Walipofika Dar es Salaam kwa majaribio ya timu, makocha walishangaa: hawa watoto wa Newala mbona ubao hawautazami? Wakawachukua wote wawili. Bakari aliponiletea mkataba wake, niliona limeandikwa neno "mchezaji". Nililisoma mara tatu, nikaenda kunawa uso.

Idi iliyopita walikuja nyumbani, nikaomba kucheza nao. Nilimpiga chenga Bakari, akapitika kirahisi. Nikatupa, Issa kasimama mikono chini.

"Baba hatari!" wakapiga makofi.

Nilitupa mara tano, na hakuna aliyeinua hata kidole. Roho iliniuma. Nikaushika mpira.

"Mnaniheshimu?"

"Ndiyo, Baba," Issa alijibu.

"Shikamoo mlishanipa asubuhi, inatosha. Sasa nizuieni."

Wakatazamana. Mama yao akaacha kupepeta mchele. "Baba Bakari, goti hilo!"

"Liache goti."

Nikadunda, nikaingia kulia, nikaruka kwa nguvu zangu zote. Bakari aliruka juu yangu, akaupiga mpira ukaruka hadi kwenye muhogo, na bega lake likanibwaga chini.

"Mmemuua baba yenu!" mama yao alipiga kelele.

Bakari alinyoosha mkono aniinue, uso umemshuka. Mimi nilikuwa nimelala mchangani, nacheka mpaka machozi.

"Leteni mpira," nikawaambia.